Mfinyanzi Aliyechoma Meza ya Nyumba Yake

Wahenga walinena: Mfinyanzi hulia gaeni. Afinyangaye vyungu vya watu wote, nyumbani kwake hula katika kipande cha chungu kilichovunjika. Sisi sote tumewaona mama zetu na bibi zetu wanaofanya kazi hiyo, nasi twajua kwamba methali hiyo si mzaha. Lakini leo, wasomaji wapenzi, nataka kuwasimulia habari za mfinyanzi mmoja wa Ufaransa aliyeipita hata methali yenyewe. Huyu hakukosa sahani tu. Alitia motoni meza ya kulia chakula, tena mbao za sakafu, ili tanuri lake lisizimike. Jina lake aliitwa Bernard Palissy. Alizaliwa yapata mwaka 1510, akafa mwaka 1590.

Kazi iliyomletea sifa ni sahani kubwa za udongo, nyingi zina umbo la yai. Ukiitazama sahani yake huoni maua ya kuchorwa kama katika sahani za dukani. Waona kama kijito kidogo cha maji. Katikati amelala nyoka aliyejikunja. Kandokando yake wapo samaki. Chura amekaa kimya, mjusi anapanda ukingoni, na kila mahali pametapakaa kome, konokono na majani ya kangaga. Vyote hivyo ni udongo mtupu uliochomwa, lakini kila kitu kina rangi yake, nacho chang'aa kana kwamba kimetoka majini sasa hivi. Magamba ya nyoka waweza kuyahesabu. Sahani hizo hazikufanywa ili watu walie chakula, maana nani angethubutu kumegea tonge karibu na nyoka? Zilifanywa ili zitazamwe, watu wastaajabie viumbe vidogo ambavyo kila siku twavikanyaga bila kuvitazama.

Leo sahani za namna hiyo zimewekwa katika nyumba kubwa za makumbusho, kama vile Louvre mjini Paris, na Victoria and Albert mjini London. Nyingine ni za mikono yake na karakana yake, nyingine ni za watu waliomwiga, hata wataalamu hupata taabu kuzitenganisha.

KIKOMBE KIMOJA

Palissy hakuzaliwa katika nyumba ya wafinyanzi. Alijifunza kazi ya kupaka rangi vioo, kama vile vioo vya madirisha ya makanisa. Tena alijua kupima ardhi na kuchora ramani. Akaoa, akakaa Saintes, mji ulio magharibi ya Ufaransa kando ya mto Charente, si mbali na pwani yenye mabwawa ya chumvi. Kazi ya vioo haikumpa mali, lakini aliweza kulisha watu wake.

Siku moja mtu akamwonyesha kikombe cha udongo kilichofunikwa kwa rangi ya kioo. Kilikuwa kizuri ajabu. Tangu saa ile moyo wake haukutulia. Akasema nafsini mwake kwamba akiipata siri ya rangi ile, na kwa kuwa alijua kuchora, ataweza kufanya vyombo vizuri na kuitunza jamaa yake vema. Basi akaanza kuitafuta, naye hajui lolote juu ya udongo.

Labda msomaji atauliza: Rangi ya kioo ni kitu gani? Mtazame mtungi wetu wa maji. Udongo wake una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo polepole, hutoka nje na kukauka kwa upepo, na ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi. Huo ni uzuri wa mtungi. Lakini mafundi wa nchi nyingine walitaka chombo kisichopitisha maji, chenye kung'aa, tena kikubalicho rangi nyingi. Wakabuni namna ya kukivika ngozi ya kioo. Husaga mawe na mchanga uwe unga laini, hutia risasi au bati iliyochomwa hata ikawa majivu, na madini mengine kwa ajili ya rangi. Unga huo huchanganywa na maji, hupakwa juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja, kisha chombo hurudishwa tanurini mara ya pili. Moto ukifikia kiasi chake, unga huyeyuka, hutanda na kushikamana na udongo. Moto ukipungua kidogo, unga hubaki mkavu kama ukurutu. Moto ukizidi, rangi huungua au hutiririka na kuharibu kila kitu.

Huko Italia mafundi walikwisha kujua kufanya rangi nyeupe ya namna hiyo. Lakini fundi wa zama zile hakumpa mgeni siri ya kazi yake. Palissy ilimpasa kutafuta peke yake.

VIGAE MIA TATU

Mwanzo wa kazi yake ulikuwa hivi. Alinunua vyungu vya udongo akavivunja vipande vipande. Akasaga kila kitu alichodhani chaweza kufaa, akachanganya hiki na hiki kwa vipimo mbalimbali, akapaka kila mchanganyiko juu ya kigae chake. Kila kigae alikitia alama, na katika daftari akaandika ni dawa zipi alizotia. Halafu akajenga tanuri, akachoma. Hakuna kilichofaa. Akasaga tena, akachoma tena. Hakuna. Akabomoa tanuri, akajenga jingine. Fedha zikaisha, kuni zikaisha, na miaka ikapita.

Ndipo akafikiri kwamba huenda tanuri lake ni bovu. Akapeleka vigae zaidi ya 300 kwa wafinyanzi wenye matanuri makubwa ili wavichome pamoja na vyombo vyao. Navyo vikarudi bure, maana moto wa wale ulikuwa mdogo kuliko unaotakiwa.

Kisha akaja mgeni mwenye kazi. Katika miaka ya 1540 Mfalme wa Ufaransa alitaka kutoza kodi ya chumvi katika sehemu zile, akatafutwa mtu wa kuyapima mabwawa na kuyachora. Palissy akaitwa. Akaacha vigae, akapima mabwawa, akalipwa vizuri. Hapa tuone jambo moja la busara: nyumba ilipohitaji fedha, aliweka ndoto yake kando akafanya kazi ya mshahara. Lakini fedha ilipoingia mkononi, akarudi kule kule.

Safari hii aliwapelekea wafanyao vioo, kwa kuwa matanuri yao yana moto mkali kuliko ya wafinyanzi. Akaona kwamba michanganyiko mingine imeanza kuyeyuka. Moyo ukampanda! Miaka mingine miwili ikapita akienda na kurudi. Akakata shauri kwamba atachoma mara moja ya mwisho, na ikishindikana ataacha. Akachukua michanganyiko zaidi ya 300, kila mmoja katika kigae chake. Baada ya saa nne kigae kimoja kikatolewa kwa kuwa kimeyeyuka. Kilipopoa kilikuwa cheupe, laini, chenye kung'aa. Kimoja katika mia tatu! Palissy mwenyewe aliandika kwamba furaha yake siku ile ilimfanya kuwa kama mtu mpya.

Kumbe taabu yenyewe ilikuwa bado kuanza.

KUNI ZIMEKWISHA

Kigae si chombo. Sasa ilimpasa kufanya vyombo vizima na tanuri lake mwenyewe, kama la wafanya vioo. Hakuwa na fedha ya kuajiri mtu. Alibeba matofali mgongoni mwake, akateka maji, akakanda udongo wa kujengea, akajenga peke yake. Akafinyanga vyombo miezi saba au minane. Akavichoma mara ya kwanza, vikaiva. Akavipaka ile rangi nyeupe, akavitia tena, akawasha moto.

Siku ya kwanza rangi haikuyeyuka. Siku ya pili vivyo hivyo. Alikaa mbele ya tanuri siku sita, mchana na usiku, akitia kuni kwa milango miwili, na rangi isiyeyuke. Akadhani labda ametia dawa kidogo. Akasaga dawa nyingine huku moto unawaka, akanunua vyungu vipya kwa sababu vile alivyofanya mwenyewe vilikuwa ndani vimeharibika, akavipaka na kuvitia. Mara kuni zikaisha.

Afanye nini? Moto ukizimika, kazi yote ya miezi mingi ni bure. Alikwenda bustanini akang'oa miti iliyoshikilia matawi ya mimea yake, akaichoma. Haikutosha. Akaingia ndani. Akachukua meza, akachoma. Akang'oa mbao za sakafu, akachoma. Na rangi ikayeyuka.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo, tena kwa shangwe. Lakini yeye mwenyewe hakuishia hapo, nasi tusiishie. Aliandika kwamba shati lake lilikuwa halijakauka jasho kwa muda wa zaidi ya mwezi. Badala ya kumfariji, watu wakatangaza mjini kwamba anachoma nyumba yake, kwamba amerukwa na akili. Wengine wakasema anatengeneza fedha za uongo, na hilo ni kosa kubwa. Alidaiwa huku na huku. Watoto wake wawili walikuwa kwa walezi, na ujira wa walezi hakuweza kuulipa. Alikwenda njiani kichwa chini kama mtu mwenye aibu.

MAWE YALIYOLIPUKA

Baada ya hayo akaajiri mfinyanzi mmoja amsaidie. Chakula cha huyo alikipata kwa mkopo katika nyumba ya wageni. Miezi sita ilipokwisha hakuwa na fedha ya kumlipa, akavua nguo zake mwenyewe akampa ziwe mshahara. Akajenga tanuri jipya, akajaza vyombo vizuri, na wadai wake wakangoja kwa hamu kwa kuwa aliwaahidi kuwalipa siku ya kufungua.

Lakini udongo aliojengea tanuri ulikuwa na vipande vya mawe magumu. Moto ulipokuwa mkali, mawe yale yakapasuka, vipande vyake vikaruka na kushikamana na rangi iliyokuwa imeyeyuka. Tanuri lilipofunguliwa, vyombo vilikuwa vizuri kwa macho, lakini ukipitisha mkono wakukata kama wembe. Watu wengine walitaka kuvinunua kwa bei ya chini. Palissy akakataa. Alisema kwamba akiuza vyombo vibovu atalivunjia heshima jina lake, akavipasua vyote. Kisha akalala kitandani kwa huzuni. Nyumbani hakukuwa na kitu, na maneno aliyoyasikia humo yalikuwa ya lawama.

Alipoinuka akajenga tena. Mara hii majivu yaliruka pamoja na moto, yakaganda juu ya rangi. Kwa ajili ya hayo akabuni masanduku ya udongo ya kuvifunika vyombo tanurini, nayo akayaita taa. Kila msiba ulimfundisha jambo moja. Mawe yalimfundisha kuchagua udongo wa kujengea. Majivu yalimfundisha kufunika. Moto uliozidi upande mmoja ulimfundisha kupanga vyombo. Tangu kuona kikombe kile mpaka kuijua kazi sawasawa, ilipita miaka 15 au 16.

SAHANI YA NYOKA INAVYOFANYWA

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kwanza fundi huenda mtoni na mabwawani kutafuta viumbe: mjusi, nyoka, chura, samaki, kome, majani. Hawezi kuchukua yeyote tu. Aliyekatika mkia au aliyechubuka magamba hafai, maana kila kovu litaonekana katika udongo. Mnyama huuawa bila kuumizwa ngozi, tena kazi huanza upesi kabla hajaanza kuoza.

Pili, fundi humlaza juu ya bamba na kumpanga vidole, mkia na shingo, kana kwamba yu hai. Kama mguu hautaki kukaa, huufunga kwa uzi mwembamba. Kazi hiyo ndiyo ya kutazamia sana. Mjusi aliyelazwa ovyo huonekana mfu, na mfu hubaki mfu hata ukimpaka rangi za kifalme. Lazima fundi awe amekaa chini siku nyingi akiwatazama mijusi wenye uhai.

Tatu, humpaka mafuta, kisha humwagia jasi iliyokorogwa na maji. Jasi hukauka na kuwa ngumu, na mnyama akitolewa huacha umbo lake ndani. Hiyo ndiyo kalibu. Kalibu moja yaweza kutoa mijusi wengi.

Nne, udongo laini husukumwa katika kalibu kwa kidole gumba, polepole, uingie katika kila gamba. Ukitolewa huunganishwa na sahani kwa udongo wa majimaji. Ni lazima udongo wa sahani na udongo wa mjusi uwe na unyevu sawa. Udongo ukikauka na kuchomwa hupungua karibu sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Kama mmoja ni mbichi na wa pili umekwisha kukauka, utapungua mmoja na mwenziwe asipungue, na mjusi atabanduka.

Tano, chombo hukaushwa kivulini, wala si juani, siku nyingi. Mama zetu wafinyanzi walijua hilo bila kusoma kitabu. Unyevu uliobaki ndani, moto ukiupata, hugeuka mvuke na kukipasua chombo kwa kishindo.

Sita, huchomwa mara ya kwanza. Saba, hupakwa rangi kidogo kidogo kwa brashi: shaba kwa rangi ya majani, kobalti kwa buluu, manganisi kwa zambarau na kahawia, chuma kwa manjano na hudhurungi. Nane, huchomwa mara ya pili. Hapo Palissy alipata taabu nyingine kubwa, kwa sababu kila rangi ina moto wake. Majani mabichi ya mjusi yaliungua kabla rangi ya nyoka haijayeyuka! Ilimbidi kuzipima tena rangi zote, hata zote ziweze kuiva saa moja katika moto mmoja. Mwisho, tanuri huachwa lipoe lenyewe. Anayefungua mapema kwa hamu ya kuona, hewa ya baridi huingia na kupasua kazi yake yote.

Kwa faida ya wasomaji niongeze neno. Risasi iliyotumiwa katika rangi zile ni sumu. Siku hizi jambo hilo lajulikana wazi. Mtu yeyote asijaribu kusaga risasi, wala ya betri mbovu, ili kupaka vyombo vya chakula. Huua polepole, na watoto huwadhuru zaidi.

MLINZI WAKE NA KIFUNGO CHAKE

Sifa zake zikamfikia Anne de Montmorency, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, akamwagiza amfanyie pango la udongo lenye viumbe vya namna hiyo. Baadaye Palissy akapewa cheo cha mbunifu wa vyombo hivyo vya kimaumbile kwa Mfalme na kwa Catherine de Médicis, mama wa Mfalme. Akahamia Paris, na katika hesabu za mwaka 1570 yaonekana kwamba yeye, pamoja na Nicolas na Mathurin wa jina hilo hilo la Palissy, walilipwa kwa ajili ya pango katika bustani ya Tuileries. Hesabu hizo zinawaita wachongaji wa udongo. Katika miaka ya 1980, udongo ulipochimbwa karibu na Louvre, zikafukuliwa kalibu zake na vipande vingi sana vya vyombo.

Lakini Palissy alikuwa Mprotestanti, na katika Ufaransa ya siku zile Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita vya kusikitisha. Alifungwa mara ya kwanza katika miaka ya 1560, karakana yake ikaharibiwa, na waliomwokoa ni wale wakubwa waliompenda kwa kazi yake, nao walikuwa Wakatoliki. Alipokuwa mzee alifungwa tena, na katika gereza la Bastille akafa mwaka 1590, umri wake yapata miaka 80. Sisi Wakatoliki tusiifiche habari hiyo. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Mzee huyu ni mmoja wa wale ambao maisha yao yatuonyesha kwa nini neno hilo lilihitaji kusemwa.

MACHO YA KUTAZAMA

Mtu aliyezoea kumtazama mjusi hawezi kuacha kutazama mengine. Palissy hakusoma Kilatini wala Kigiriki, lakini aliona mambo ambayo wasomi wengi hawakuyaona. Aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1563 kwamba mkulima anayeacha mbolea ya zizini imerundikwa nje katika mvua hupoteza chakula cha shamba. Mvua huosha nguvu ya mbolea na kuishusha ardhini pale pale. Ndiyo sababu, alisema, ngano humea sana mahali paliposimama rundo, hata kama mbolea yenyewe imekwisha kuondolewa. Mkulima wa kwetu anayefunika samadi yake afanya kama alivyoshauri.

Katika kitabu cha mwaka 1580 alisema kwamba maji ya chemchemi hutokana na mvua iliyoingia ardhini, na kwamba kome waonekanao ndani ya mawe waliwahi kuwa viumbe hai. Watu wakubwa walikuwa wakifundisha vingine. Tangu mwaka 1575 aliwaita wasomi wa Paris waje kumsikiliza kwa malipo, akaahidi kwamba atakayeonyesha kuwa amesema uongo atarudishiwa fedha yake mara nne.

JE, ALIFANYA VEMA?

Basi, wasomaji, tumsifu mtu huyu? Mimi nasema, tumsifu, lakini kwa kipimo. Uvumilivu na ukaidi hufanana kama mapacha, na mtu huweza kuita kimoja kwa jina la kingine. Palissy alikuwa na uvumilivu wa kweli kwa sababu aliandika kila alichojaribu, hakurudia kosa moja mara mbili, na alikataa kuuza kitu kibovu. Mkaidi hurudia lile lile na kulaumu tanuri.

Lakini iko pia nyumba yake. Habari tuliyo nayo imeandikwa na mume peke yake. Mke hakupewa kalamu. Twasoma kwamba alimlaumu, na vitabu vingi vimemcheka mama huyo kana kwamba alikuwa mpumbavu. Mimi siwezi kumcheka. Yeye ndiye aliyewatafutia watoto chakula mahali ambapo meza ilikuwako jana. Kama mume ana kazi kubwa moyoni, na amwambie mkewe gharama yake tangu mwanzo, wakubaliane ni kitu gani kitaingia motoni na kitu gani hakitaingia. Vyombo vile vilivyomo Louvre vina jasho la watu wawili, ingawa jina ni la mmoja.

Na liko jambo la pili, zito zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1580 kimeandikwa kama mazungumzo ya wawili, Nadharia na Vitendo. Nadharia huomba aambiwe siri ya rangi. Vitendo humtajia dawa zenyewe, bati, risasi, shaba na nyinginezo, lakini vipimo hampi. Humsimulia taabu tu. Palissy aliumia sana kwa kukosa wa kumfundisha, walakini naye akaenda kaburini na vipimo vyake. Matokeo yake yalikuwa nini? Yapata mwaka 1825, katika mji wa Tours, mfinyanzi aliyeitwa Charles-Jean Avisseau aliona sahani ya Palissy, akatamani kufanya kama ile. Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Naye ilimbidi kuanza tangu mwanzo, akajaribu na kushindwa miaka mingi, na mwaka 1843 ndipo alipofungua karakana yake mwenyewe. Lakini yeye alifanya jambo ambalo limzidishie sifa: alimfundisha mwanawe Édouard na binti yake Caroline, nao wakaifuata kazi. Baadaye sahani za namna hiyo zikafanywa hata Ureno, katika mji wa Caldas da Rainha.

Katika vijiji vyetu wako akina bibi wanaojua ni bonde gani lenye udongo usiopasuka, udongo upi uchanganywe na upi, chungu kikae kivulini siku ngapi, na moshi uwe na rangi gani ndipo moto utoshe. Hawakuandika mahali popote. Ndoo za plastiki na sufuria zimejaa sokoni, na vijana huona kazi ya udongo kuwa ya kizamani. Bibi mmoja akifa bila mwanafunzi, imezikwa kazi iliyochukua vizazi vingi kupatikana.

Kwa hiyo, wazazi, mwatumeni watoto wenu kwa bibi huyo siku ya Jumamosi. Wachukue maji na kuni, wamsaidie kukanda, wamtazame. Wakirudi nyumbani na wafinyange chura mmoja, si kwa kukisia, bali baada ya kukaa kimya kando ya maji na kumtazama chura mwenyewe. Tumbo wamwache na uwazi ndani, unene wa udongo usizidi kidole, wamtoboe tundu dogo chini ili hewa ipate kutoka, wamkaushe kivulini wiki mbili, kisha wamwombe bibi amtie katika moto wake pamoja na vyungu. Akipasuka, wachukue daftari la shule waandike kwa nini amepasuka, halafu wafinyange mwingine. Na aliye karibu na bibi akiwa anajua kuandika, na aandike pia maneno ya bibi: jina la bonde, aina ya udongo, hesabu ya siku. Daftari moja laweza kuokoa miaka kumi na sita ya mtu atakayekuja baadaye.